Sanduku la Dawa la Kinyonga Aitwaye Trafiki

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na pengine ndiyo maana ulimganda Kemilembe kama utomvu wa fenesi: kwamba kule Kamachumu kuna mtoto wa selimundu aliyekutwa amekata roho kitandani, na kinyonga wake yuko juu ya chandarua, kijani kibichi kama jani la mgomba lililofunguka asubuhi hiyo hiyo.

Aliyeuleta ni jirani yake Adventina. Walikuwa wameketi uani wakichambua senene, panzi wa kukaanga, mbawa huku, miguu kule, beseni katikati yao.

"Nani kakwambia?" Kemilembe aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Ma Atu, na wewe! Watu ni watu. Mimi nimeambiwa na aliyeambiwa." Adventina alimtupa senene kwenye beseni. "Tena mimi sishangai. Mdudu yule tangu lini akawa daktari? Bibi zetu walikuwa wakimwona njiani wanarudi nyumbani, safari imeishia hapo. Leo tunawalaza nao watoto."

Huyo ndiye Adventina. Vinyonga walikuwa wameshaingia karibu kila nyumba yenye mtoto wa selimundu, lakini yeye hakuwahi kuvuka kizingiti cha Kemilembe bila kuuliza kwanza, "Yuko wapi huyo?" Na siku zote alikaa kwenye kigoda cha upande wa geti, mguu mmoja tayari kukimbia.

"Yuko hapa, mama mdogo!" Atugonza alijibu akitokea jikoni. Alikuwa binti wa Kemilembe, darasa la tatu, mwembamba, macho yenye umanjano kidogo, na kinyonga amemkalia begani kama bwana mkubwa kwenye kiti cha mbele. Adventina akasogeza kigoda. Atugonza akafungua kiganja. Ulimi ukachomoka, ukagusa jasho, ukarudi. Kinyonga akazungusha jicho moja kwa mama, la pili kwa Adventina, akabaki vilevile.

"Kijani!" mtoto akatangaza. "Twendeni!"

Ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Damu ya mtoto wa selimundu ikianza kujikunja na kuziba mishipa, jasho lake hubadilika saa nyingi kabla mifupa haijaanza kuuma. Mama anaweza kunusa mpaka achoke, hataona kitu. Ulimi wa vinyonga hawa huona, maana wataalamu wa kampuni iitwayo Kijani Salama waliutengeneza tangu kwenye yai. Kila kinyonga huanguliwa juu ya kitambaa chenye jasho la mtoto mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayemjua mpaka kufa. Akibaki kijani, mtoto aende shule. Akiwa wa njano, mtoto anywe maji, apumzike. Akiwa mweusi, hospitali sasa hivi. Tena ushanga aliofungwa mguuni ukiuona weusi huo, huliita gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva, nalo huja lenyewe mpaka mlangoni. Ndiyo maana Atugonza alimpa jina la Trafiki.

Kemilembe alicheka siku hiyo, akamwambia Adventina aache kusambaza maneno. Lakini alipoinama kuokota senene aliyeruka, akamwona tena yule mtoto wa Kamachumu. Kijani kibichi. Juu ya chandarua.

*

Manyunyu yalianza, na Atugonza akaona Trafiki anasikia baridi. Akamweka juu ya tawi kavu la mkahawa walilolisimamisha karibu na jiko. Senene mmoja mzima, aliyekosa kung'olewa miguu, akaruka kutoka kwenye beseni akatua ukingoni mwa kikaango. Trafiki akaegemea mbele. Ulimi ukaenda, miguu ikateleza, akaanguka ubavu kwenye ukingo wa moto.

Kemilembe alimnyakua kwa mkono mtupu. Hakufikiri. Alifanya alichokuwa akimfanyia kila mtoto aliyepita mikononi mwake: akammwagia maji ya baridi, kisha akakimbilia kabatini akatoa dawa ya zambarau ya vidonda, ile tunayoiita jivii, akampaka ubavu mzima mpaka mkiani. Akampaka vizuri. Akarudia palipobaki peupe.

"Kazi imeisha," alimwambia Atugonza aliyekuwa akilia. "Jivii haijawahi kuniangusha."

Hata mkono wake haujakauka, honi ikalia getini.

"Habari za mchana," gari likasema, kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa ni mimi," Atugonza alijibu, "ila sijaumwa."

Gari likasubiri, likaondoka. Kabla senene hawajaiva likarudi. Ushanga haukujua jivii ni nini. Uliona kiza ubavuni, ukapiga kelele, na kila ulipopiga, gari lilikuja na habari zake za mchana. Vijana wa kijiwe cha pikipiki walianza kupiga makofi.

"Ma Atu!" mmoja akapaza sauti. "Likienda sokoni tena uniitie na mimi, nina mzigo wa ndizi!"

*

Kesho yake alikuja Audax, wakala wa Kijani Salama, kijana wa pale pale mtaani, shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata. Chini ya kwapa alikuwa na sanduku la bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alimtazama kinyonga, akamtazama Kemilembe, akashika mlango asianguke kwa kicheko. "Umempaka nini mnyama wa kampuni?"

"Jivii."

"Jivii! Mnyama anayesema kwa rangi, wewe unampaka rangi! Mama, hiyo ni sawasawa na kupaka masizi taa za barabarani."

Kemilembe aliona haya. Ni kweli, hakuwa amefikiri. Na jivii haioshwi, itatoka siku Trafiki atakapojivua ngozi. Hapo Audax alikuwa na haki, na tumpe haki yake, kwa sababu katika yaliyofuata hana.

Alifungua sanduku la bluu. "Huduma ya kwanza ya kinyonga. Kila nyumba inapewa bure." Ndani mlikuwa na pamba, kitambaa, na kichupa kimoja kilichoandikwa Tuliza. Audax akamfungua Trafiki mdomo, akadondosha. Kinyonga aliyekuwa amejikunja, mweusi wa maumivu kutoka kwenye kidonda hadi kucha, akalegea. Weusi ukamtoka kama maji yanavyokauka kwenye jiwe la moto. Upande usio na jivii ukawa kijani cha kupendeza.

"Umeona? Amepona."

"Kidonda kiko pale pale."

"Kidonda kitajifunga chenyewe. La maana ametulia. Ushanga nimeurekebisha usome upande huu mwingine."

Kemilembe aliinama akachungulia. Nyama ilikuwa bado mbichi, inatoa maji. "Audax, nikuulize. Hii dawa inamfanya asisikie maumivu yake, au asisikie mtoto wangu?"

Audax akatazama simu yake. "Kila kitu kiko salama, mama. Mpe asubuhi na jioni. Na tafadhali, gari lisiitwe tena bure. Wito wa uongo ukizidi, ushanga unazimwa. Hayo masharti uliyatia dole gumba mwenyewe."

Aliyatia kweli. Yalikuwa marefu, na aliyemsomea aliruka kurasa.

*

"Mama, njoo uone," Atugonza aliita. "Trafiki hamwogopi tena Waziri."

Waziri alikuwa paka wa Adventina, mnene, mwenye tabia ya kuingia nyumba za watu kama anakagua mradi. Zamani alikuwa hajafika hata kwenye kamba ya nguo, Trafiki ameshageuka mkaa, amevimba, anakoroma. Sasa Waziri alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua yake imegusa mkia wa kinyonga, na kinyonga ameketi tu kwenye tawi, jicho moja linamtazama paka, mwili kijani kibichi.

Jicho lilikuwa linaona. Hilo ndilo lililomtoa Kemilembe jasho. Trafiki alimwona paka, akajua ni paka, na ngozi yake haikuweza kusema.

Alimfukuza Waziri kwa ufagio. Halafu akakaa chini kwenye sakafu, na yale ya Kamachumu yakamrudia yote, lakini safari hii hayakuja kama maneno ya watu.

"Wamemnywesha," alisema.

"Nani, mama?"

"Na kinyonga yule wa Kamachumu walimnywesha." Akainuka, akakichukua kile kichupa cha Tuliza, akaenda nacho chooni, akakimimina chote. Kisha akaliosha lile sanduku la bluu kwa sabuni na maji ya moto, ndani na nje, akalianika juani likiwa tupu. Sanduku lenyewe halikuwa na kosa.

*

Duka la dawa za mifugo lilikuwa la Ta Projestus, mzee aliyezoea ng'ombe na kuku wa mayai. Kinyonga hakuwahi kuuguza, naye alilisema hilo wazi. Alimpigia mwanawe aliyeko chuo cha mifugo, wakaulizana, wakabishana kilugha kwa muda, na vitu vikaanza kushuka kutoka rafuni kimoja kimoja.

Maji ya dripu, ya kuoshea kidonda. Dawa nyeupe ya kuungua, ipakwe nyembamba. Chachi isiyoshika kidonda. Glovu. Kibano cha kuondolea uchafu. Bomba la sindano bila sindano yake, la kumdondoshea maji juu ya pua taratibu mpaka aanze kulamba mwenyewe, asisukumiwe kooni. Kikasha cha plastiki chenye matundu, na kitambaa laini cha kutandika, cha kumbebea. Mzani wa kupimia dhahabu, maana kinyonga akipungua uzito haoni aibu kukuficha. Kila kimoja Kemilembe alikipokea, akauliza ni cha nini, akakirudia kwa mdomo, akakipanga ndani ya sanduku la bluu.

Mwisho mzee alitoa bomba dogo lililofungwa kifuniko, ndani lina tone la dawa. "Hii ni ya maumivu. Nimeipima kwa uzito wake, usiongeze. Itamsaidia kweli. Lakini mwanangu anasema nayo itamlegeza ngozi. Akiipata atakuwa kijani, hata nyumba ikiungua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iishe mwilini. Halafu utampa nyingine."

"Na mtoto wangu huko katikati?"

Ta Projestus alifuta miwani yake. "Hapo, Ma Atu, duka langu limeishia."

Basi wakabaki hivyo. Kidonda kilioshwa, kikapakwa, kikafunikwa. Trafiki alishinda juu ya tawi lake amejikunja, weusi wa maumivu umemzunguka ubavu na kushuka mguuni. Kemilembe akamfungua ule ushanga na kuuweka kando, usije ukaita gari. Na lile bomba dogo likabaki ndani ya sanduku, limefungwa.

"Mama," Atugonza alimwambia siku moja akiwa anamsaidia kumwosha, "mimi mifupa ikiuma unanipa dawa."

"Ndiyo."

"Yeye mbona humpi?"

"Akinyamaza yeye, sitakusikia wewe."

Mtoto alifikiri. Machozi yakaanza kumtiririka, na hakuyafuta. "Basi tunamtesa."

Kemilembe angeweza kusema kinyonga hana akili ya kuumia kama mtu. Angeweza kusema kila kitu kiko salama. Uongo wa namna hiyo alikuwa ameshaushiba. "Ndiyo," alisema. "Tunamtesa. Na mimi ndiye ninayefanya hivyo, siyo wewe."

Atugonza akamgusa Trafiki chini ya taya kwa ncha ya kidole. "Weusi wake mwenyewe unatokea kwenye kidonda. Akinisema mimi huanzia hapa, kooni. Hapa bado ni pasafi. Uwe unapatazama hapa."

Kemilembe hakuwahi kupatazama. Siku zote aliangalia mnyama mzima, kama ushanga ulivyofanya.

*

Asubuhi ya Jumapili, watu wako kwenye misa ya kwanza, Atugonza alifungua kiganja. Ulimi ukagusa, ukarudi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu chini ya taya ya Trafiki likatokea doa dogo kama punje ya ulezi. Likapanuka. Likashuka kifuani, jeusi la wino, mbali kabisa na kidonda.

"Mbona mimi sisikii chochote?" Atugonza alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Kemilembe akaurudisha ushanga mguuni. Akasubiri honi. Akaupapasa, akaupuliza, akaukung'uta. Ulikuwa umekufa. Walikuwa wameshauzima, kama walivyoahidi, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia.

"Adventina!" Sauti ile ilivuka migomba mpaka barabarani. "Adventina, pikapu ya mumeo!"

Pikapu ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, nayo haikushushwa; mume wa Adventina akashika usukani. Kemilembe alimkumbatia mtoto kwenye kiti cha nyuma, sanduku la bluu miguuni. Kikasha cha kinyonga kikakosa pa kukaa. Adventina alikitazama, akamtazama Atugonza na midomo yake mikavu, akasema, "Lete huyo mdudu wenu hapa kabla sijabadili mawazo." Akakipakata njia nzima, macho ameyafumba, anasali rozari kwa sauti.

Maumivu yalianza kumfika Atugonza wakiwa kwenye geti la hospitali. Yalipopanda, yalimkuta mkononi mwa nesi, dripu inatundikwa. Daktari alisema wamewahi. Alisema neno hilo haraka haraka, ana watoto wengine wa kuwaona.

Ndipo Kemilembe akageuka kuitazama wodi.

Kila kitanda kilikuwa na mtoto. Mmoja alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha, mwingine ameshika goti anayumba, mwingine hata kulia hawezi. Na kwenye kila chuma cha dripu, juu ya kila mto, ameketi kinyonga. Wote kijani. Wodi nzima ya watoto wanaougulia, na juu yao vinyonga wamependeza kama majani baada ya mvua. Mweusi alikuwa mmoja tu, kwenye kikasha, mapajani mwa Adventina.

"Mama, huyo anatisha wagonjwa," sauti ikasema. Alikuwa Audax, anapita kitanda hadi kitanda akijaza vichupa. "Mpe matone kidogo."

"Audax," Kemilembe alisema, "njoo usimame hapa nilipo. Sogea. Sasa niambie, mtoto mzima humu ni yupi?"

Audax akatazama kichupa mkononi mwake.

"Nakuuliza wewe! Uliyesoma masharti yote! Mtoto mzima ni yupi?" Akamgeukia mama wa kitanda cha jirani. "Dada, wewe ulifuatwa na gari?"

"Hapana. Nilimkuta tu analia sakafuni. Nikajua ugonjwa umemjia ghafla."

"Na wewe?"

"Ghafla tu," mwingine akasema, na akatazama sanduku la bluu chini ya kitanda chake, kisha kinyonga, kisha mwanawe. Uso wake ukabadilika.

"Mama, mimi ni wakala tu," Audax alisema, sauti imeshuka. "Kila gari likitoka kampuni inagharamika. Vinyonga walikuwa wanaita kwa vidonda, kwa paka, kwa njaa. Wakatuambia tupunguze kelele."

"Kelele!" Kemilembe akamsogelea. "Mnyama mliyemtengeneza kwa mikono yenu ili aseme, akisema mnaita kelele? Mwanangu mimi ni kelele? Na yule wa Kamachumu naye mlimpunguza?"

Audax alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akaweka kichupa chini, na hakukichukua tena.

Kemilembe akafungua sanduku lake. Atugonza alikuwa mikononi mwa watu, dripu inatiririka, amelala. Akatoa lile bomba dogo la Ta Projestus, akampokea Trafiki kutoka kwa Adventina, akamdondoshea tone kwenye pembe ya mdomo.

"Haya, nyamaza sasa," alimwambia. "Umesema vya kutosha. Mimi ndiye nitakayekaa macho."

Weusi ukamtoka polepole, koo mwisho. Akawa kijani kama wenzake, na kijani chake kilikuwa cha uongo kama chao. Ila safari hii aliyekitazama alijua.

Wale kina mama wakamzunguka, kila mmoja na sanduku lake la bluu, wanauliza cha kutia na cha kutoa. Cha kutia aliwaelekeza kwa Ta Projestus. Cha kuepuka aliwaambia mwenyewe, na walikirudia mpaka wakakishika. Wewe mwenye kinyonga nyumbani, kishike nawe:

Usimweke karibu na jiko, wala kwenye taa anayoweza kuifikia.

Usimpake jivii, wala dawa yoyote yenye rangi.

Usimpake dawa ya meno, samli, wala mafuta ya taa.

Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, hata kipande.

Usimsukumie maji kooni.

Usimbandue ngozi inayojivua, iache itoke yenyewe.

Usimfunge kidonda kwa pamba, itanasa.

Usimpe Tuliza.

Usimpe dawa ya kumlegeza ukiwa huna nafasi ya kukaa na mtoto wewe mwenyewe.

Usiuamini ushanga ambao hujaujaribu.

Usitie dole gumba karatasi ambayo hujasomewa yote.

Usimtazame kinyonga kabla hujamtazama mtoto.